Mpira Uliojikunja kwenye Pikipiki ya Motokrosi: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Injini inazima katikati ya mlima. Unapumzika dakika tano, inawaka kwa kiki moja, unapanda tena, inazima palepale. Mwenye pikipiki anafungua kabureta, anasafisha jeti, anabadilisha plagi, na tatizo liko vilevile. Nimekutana na pikipiki za namna hii mara nyingi sana, na kwa nyingi kati yake chanzo kilikuwa mpira, yaani bomba laini, wa sentimita chache uliobanwa siku tangi liliporudishwa mahali pake.

Pikipiki za motokrosi na enduro (za mbio za njia za porini) zina mipira mingi iliyosongamana: ya mafuta, ya kupumulia, ya maji ya rejeta, ya breki, na kwenye baadhi yake ya klachi pia. Na pikipiki yenyewe haitulii. Usukani unageuka, shokapu za mbele zinashuka na kupanda kama sentimita 30, na mkono unaoshika tairi la nyuma unacheza kiasi hicho hicho. Mpira unaoonekana umekaa vizuri pikipiki ikiwa kwenye stendi unaweza kujikunja pikipiki inapotua kutoka kwenye kilima. Ndiyo maana wengi huutazama, wakaona ni mzima, wakaenda kutafuta ugonjwa kwingine.

Chini ya kila dalili nimetanguliza chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi, na ukaguzi usiohitaji spana. Tafadhali usiruke hatua hizo nyepesi.

## Kwanza, mpira hujikunja vipi

Ukipinda mpira, upande wa nje wa kona unavutwa na upande wa ndani unabanwa. Ili kupunguza mvutano huo, duara la mpira linalala na kuwa kama yai. Shida ni kwamba mpira uliolala hivyo unapindika kirahisi kuliko ulipokuwa duara, kwa hiyo ukiongeza kidogo tu unaanguka ghafla sehemu moja na kuta zake zinagusana. Hapo ndipo mkunjo unapotokea. Hauji polepole kwa kukupa onyo. Dakika moja kona ni nzuri, dakika inayofuata njia imefungwa.

Mambo manne yanauharakisha: ukuta mwembamba, joto, uzee wa mpira, na kule kusokotwa. Hilo la mwisho halizungumzwi vya kutosha. Mpira uliosokotwa hata robo mzunguko wakati wa kufungwa utajikunja kwenye kona ambayo mpira uleule, usiposokotwa, ungeipita bila shida.

Kipimo ninachotumia kwa mpira wa kawaida wa mafuta ni hiki: chukua unene wake wa nje, zidisha mara tano, na nusu kipenyo cha kona isipungue hapo. Mpira wenye unene wa nje wa milimita 10 basi upite kwenye kona ambayo, ukiikamilisha kuwa duara, duara hilo lina upana wa milimita 100 au zaidi. Mtengenezaji wa mpira akitoa kipimo chake, fuata cha kwake.

Na mpira uliokwisha kujikunja ubadilishe. Unaweza kuunyoosha ukaonekana mzima, lakini pale ulipovunjika pamebaki dhaifu, na joto likipanda utarudi kujikunja hapo hapo. Kwa mpira wa breki hilo si suala la kupima wala kujadili.

## Dalili: injini inakwenda vizuri, kisha inakosa mafuta na kuzima

Hii ndiyo inayoongoza kwa malalamiko.

Mpira wa kupumulia wa tangi. Petroli ikitoka kwenye tangi, hewa lazima iingie mahali pake. Kwenye pikipiki nyingi za motokrosi kuna mpira mwembamba unaotoka juu ya mfuniko wa tangi na ncha yake imechomekwa kwenye tundu la mhimili wa usukani. Ukiwa mrefu kupita kiasi unajipinda juu ya mfuniko. Ukiwa mfupi, usukani ukigeuzwa unavutwa na kubanwa.

Ukaguzi wake ni rahisi. Injini ikizima, fungua mfuniko wa tangi hapo hapo. Ukisikia hewa ikivutwa ndani, na injini ikawaka ukaendelea vizuri, umepata jibu. Mipira mingine ina vali ndogo ya upande mmoja ya kuruhusu hewa kuingia na kuzuia petroli kutoka. Mtu akiifunga kinyume, tangi halipumui kabisa. Chomoa mpira, pitisha hewa kwa pampu ya mkono polepole kuelekea upande wa tangi: inapaswa kupita.

Mpira wa mafuta uliobanwa chini ya tangi. Tangi linaporudishwa, mpira unaweza kulala kati yake na fremu bila wewe kuuona. Ingiza kidole chini ya tangi uufuate mpira kuanzia koki hadi kwenye kabureta. Kidole kinahisi mkunjo ambao jicho halifiki.

Usiporidhika, pima mtiririko. Injini iwe baridi, uwe nje penye hewa, pasiwe na moto wala sigara karibu. Chomoa mpira upande wa kabureta, uelekeze kwenye chombo safi, fungua koki na uhesabu hadi thelathini. Petroli inapaswa kutoka kwa mkondo mmoja usiokatika. Ikianza kwa nguvu kisha ikafifia, shida ni tangi kutopumua. Fungua mfuniko, na mkondo ukirudi huna haja ya kutafuta zaidi. Ikiwa dhaifu tangu mwanzo hata mfuniko ukiwa wazi, kizuizi kiko kwenye mpira, kichujio au koki.

Mpira wenye nundu. Pikipiki ya kabureta isiyo na pampu inategemea petroli kushuka yenyewe. Mpira ukipanda kidogo katikati na kushuka tena, hewa au mvuke wa petroli unakaa kwenye nundu hiyo. Siku ya baridi huioni shida. Injini ikipata moto, hasa mpira ukiwa karibu na silinda, mvuke unaongezeka na mafuta yanakatika. Mara nyingi nundu huletwa na kichujio kilichoongezwa baadaye: kichujio ni kigumu, hakipindi, kwa hiyo kona yote inalazimika kutokea kwenye vipande viwili vifupi vya mpira kila upande. Ukitaka kichujio, chagua kifupi, au kiweke kwenye sehemu iliyonyooka. Tangi lenye kichujio kizuri ndani ya koki halikihitaji.

Mpira uliovimba ndani. Huu ni nadra zaidi. Mpira usiofaa kwa petroli huvimba na njia yake kupungua, na petroli yenye ethanoli huharakisha kuharibika kwa mipira ya zamani. Mipira ya silikoni ya kawaida, inayofaa sana kwa maji ya rejeta, isitumike kwa petroli.

Marekebisho ya haya yote yanaanza na urefu. Weka tangi mahali pake, pitisha mpira mrefu kwenye njia yake, weka alama, kisha kata kwa wembe mkali, bila mshazari hata kidogo. Watu wengi huogopa kukata mfupi, wakaacha mrefu, na huo urefu wa ziada ndio unaojikunja tangi likishuka.

Simama hapa kama pikipiki yako ni ya injeksheni, yaani haina kabureta na petroli yake husukumwa na pampu. Mpira wake wa mafuta hubeba shinikizo la karibu bar 3, wakati wa kabureta haubebi karibu chochote. Ukiuchomoa bila kuondoa shinikizo, petroli inaruka usoni au juu ya injini ya moto. Mpira wa kabureta hauruhusiwi kuchukua nafasi yake hata kwa safari moja ya kurudi nyumbani, na klampu zake pia ni tofauti. Kama hujui namna ya kuondoa shinikizo kwenye mfumo wa pikipiki yako, mpe fundi.

## Dalili: petroli inadondoka chini ya kabureta, au injini inakwama ukivuka maji

Bakuli la kabureta nalo linapumua. Hewa juu ya petroli iliyo ndani yake inapaswa kuwa na shinikizo sawa na hewa ya nje, na mipira midogo inayoning'inia pande mbili za kabureta ndiyo inayofanya kazi hiyo. Ikijikunja, injini inakwenda kwa kusuasua, mara tajiri wa mafuta, mara maskini, na hakuna jeti utakayobadilisha ikakupa jibu.

Tazama kwanza ncha za chini. Tope lililokauka huziba kama kizibo, na hili hutokea mara nyingi zaidi kuliko mkunjo. Kata ncha kwa mshazari ili zikiegemea kitu zisifungwe.

Kisha tazama mahali mipira inapopita kati ya injini na mkono wa nyuma. Hapo ndipo viungo vya shokapu ya nyuma vinapocheza, na vikikutana na mpira vinaubana kila pikipiki inapozama. Dalili yake ni ya kipekee: injini inakohoa baada ya kutua, si wakati wa kuvuta mafuta. Mwombe mtu akalie kiti na kukizamisha kwa nguvu huku wewe umechuchumaa pembeni ukiangalia mipira, na vidole vyako vikiwa mbali na viungo hivyo.

Ukivuka maji na injini ikafa ncha za chini zinapozama, hapo hakuna mkunjo: kabureta imekosa pa kupumulia. Suluhisho linalotumiwa sana ni kiungo cha T kwenye mpira wa kupumulia, tawi moja likishuka kama kawaida na jingine likipanda hadi karibu na sanduku la kichujio cha hewa. Tawi linalopanda ndilo hujikunja, kwa sababu linapita chini ya tangi. Lipe kona pana, na usilikaze na kamba ya plastiki hata kidogo. Mipira hii ni laini, kamba iliyovutwa mara moja zaidi inaifunga kabisa.

Petroli ikidondoka mfululizo hata pikipiki ikiwa imesimama wima na mipira iko wazi, acha mipira. Tafuta sindano ya boya (inayofunga petroli bakuli likijaa) iliyokwama au kuchakaa, na ufunge koki mpaka uirekebishe.

## Dalili: injini inapata moto kupita kiasi, kulanti (maji ya rejeta) inapungua

Swali la kwanza: ulianguka lini mara ya mwisho? Rejeta za motokrosi ziko pembeni kabisa, na pikipiki ikilala upande mmoja rejeta husukumwa ndani. Haitobokei, lakini inasogea sentimita moja au mbili, na mpira uliotengenezwa kwa umbo lake maalumu sasa umelazimishwa kwenye umbo jingine. Angalia mpira mfupi unaounganisha rejeta mbili na ule wa chini unaokwenda kwenye pampu ya maji. Ukiona sehemu iliyobonyea, usiishughulikie kabla ya kurudisha rejeta mahali pake, maana mpira mpya utajikunja vilevile.

Chanzo cha pili ni mpira unaouzwa kwa mita, uliokatwa ukalazimishwa kwenye kona. Mipira ya rejeta hutengenezwa ikiwa na kona zake tangu kiwandani, na mpira ulionyooka wenye njia pana hauwezi kupinda kwenye nafasi ndogo kiasi hicho. Ukikosa wa umbo sahihi, tumia kiwiko cha alumini kati ya vipande viwili vilivyonyooka kuliko kulazimisha.

Kuna hali moja inayodanganya sana. Mpira wa chini, upande ambao pampu inavuta maji, unaweza kufyonzwa na kujibana injini ikizunguka kasi, kisha ukarudi duara ukipunguza. Ukisimama kuutazama, ni mzima. Ubonyeze injini ikiwa baridi: ukiwa laini kama mpira wa baiskeli uliochoka, ubadilishe.

Kuna pia mpira mdogo wa kumwaga maji ya ziada kutoka shingoni mwa rejeta. Ukijikunja, shinikizo linalozidi halina pa kutokea. Ufuate mpaka mwisho wake.

Onyo. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Mifuniko mingi ya motokrosi hushikilia kati ya bar 1.1 na 1.8, na chini ya shinikizo hilo maji yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanachemka papo hapo na kukurukia. Subiri hadi uweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kukiondoa. Na kama baada ya kurekebisha mipira injini bado inatupa maji au unaona mapovu mfululizo ndani ya rejeta, gasketi ya kichwa cha injini inaweza kuwa imeungua. Hiyo ni kazi ya fundi.

## Dalili: breki inashika yenyewe, gurudumu haliachii

Nitakaa hapa zaidi, maana kosa la hapa humtupa mtu chini.

Chanzo kinachotokea mara nyingi si mpira. Ni pedali au mkono wa breki uliorekebishwa mpaka hauna nafasi ya bure, hivyo pistoni ya masta silinda (pampu ndogo inayosukuma mafuta ya breki) hairudi nyuma yote na kitundu kidogo cha kurudishia mafuta kinabaki kimefungwa. Cheza na pedali kwa kidole: lazima kuwe na mwendo mdogo wa bure kabla ya kuhisi ukinzani. La pili ni pistoni za kalipa (kifaa kinachobana diski) zilizokwama kwa tope. Mpira unafuata.

Mpira wa breki una utando wa ndani, na nje yake kuna ufumaji unaozuia kutanuka. Ukijikunja, utando wa ndani unaweza kupasuka na kipande chake kikalala kama kimfuniko. Mguu wako una nguvu nyingi, kwa hiyo mafuta yanapita kwenda kwenye kalipa. Kurudi yanategemea nguvu ndogo tu ya sili (mipira ya kuzuia mvujo) za pistoni zinapojirudisha, na hayawezi kukisukuma kimfuniko hicho. Breki inabaki imeshika, diski inapata moto, mafuta yanatanuka, breki inashika zaidi.

Ili kujua shida iko wapi, inua gurudumu, bonyeza breki, uachie. Gurudumu likiwa limeshika:

1. Funika kwa kitambaa, legeza kidogo kiungo cha mpira pale kwenye masta silinda. Gurudumu likiachia, tatizo liko kwenye masta silinda au marekebisho ya pedali.
2. Lisipoachia, kaza tena, kisha legeza nipeli ya kutolea hewa kwenye kalipa. Likiachia sasa, mafuta yalikuwa yamenaswa ndani ya mpira. Mpira umekwisha.
3. Lisipoachia hata hapo, ni kalipa yenyewe.

Baada ya jaribio hili lazima utoe hewa kwenye mfumo kabla ya kupanda. Mafuta ya breki hula rangi, yafute mara moja kwa maji.

Sasa njia ya mpira. Wa mbele unatoka kwenye usukani, unashuka hadi kwenye kishikio chake kwenye mguu wa shokapu, halafu kwenye kalipa. Shokapu zikizama, urefu uliokuwa unahitajika juu unabaki bila kazi na mpira unajipinda kama upinde. Upinde huo utokeze mbele au pembeni palipo wazi. Ukielekea ndani utagusa tairi. Mpira uliopitishwa upande usio wake wa kishikio kwenye mguu wa shokapu hufanya hivyo hasa. Rudisha kishikio na bolti zake zote. Kufunga kwa kamba ya plastiki badala yake si ukarabati, kwa sababu kamba inaubana mpira mahali pamoja na kona yote inaishia hapo.

Wa nyuma unafuata mkono wa nyuma. Sehemu ya kupinda ni karibu na mhimili ambako mkono unajizungusha, na hapo usiukaze karibu sana. Uache ucheze.

Jaribu katika hali tatu kabla ya kuamini: usukani ukigeuzwa mwisho kulia na kushoto, gurudumu likining'inia hewani, na shokapu zikiwa zimezamishwa kabisa, ikibidi kwa kufunga mikanda miwili ya kubebea pikipiki kutoka kwenye usukani. Katika hali zote tatu mpira usikaze, usijikunje, usiguse tairi wala bomba la moshi.

Simama. Mpira wa breki wenye alama ya mkunjo, uvimbe, ufa au unyevunyevu haupandiwi, hata kwa mwendo wa taratibu. Usiupashe moto ili upinde, usikate na kuunga, na usipinde bomba la chuma lililo mwishoni mwake. Kama hujawahi kutoa hewa kwenye breki ukiwa na mtu anayejua, kazi hii mwachie fundi.

## Dalili: breki ni laini baada ya kubadilisha mpira au usukani

Karibu kila mara ni hewa. Lakini hewa hukaa mahali kwa sababu, na sababu hiyo mara nyingi ni njia ya mpira: kitanzi kinachopanda juu kuliko masta silinda, au nundu katikati. Hewa hupanda kwenye kilele na haitoki hata ukipampu nusu siku. Fungua kalipa, uinue au uishushe hadi mpira uwe na mteremko mmoja, weka kitu kati ya pedi ili pistoni zisitoke, kisha utoe hewa.

Kama umeweka usukani mrefu zaidi, mpira wa zamani unaweza kuwa mfupi. Usiuvute. Nunua ulioongezewa urefu huo.

Kwenye bolti ya banjo (yenye tundu la kupitisha mafuta, inayofunga ncha ya mpira), weka washa mbili mpya, moja kila upande wa jicho la mpira. Shika jicho kwa mkono unapokaza, la sivyo linazunguka pamoja na bolti na mpira mzima unasokotwa. Pikipiki nyingi huikaza kati ya Nm 25 na 35. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kitakupa namba kamili. Mafuta ya breki yawe yale yaliyoandikwa kwenye mfuniko wa kopo la masta silinda. DOT 4 na DOT 5.1 ni jamii moja, DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi nazo. Klachi za haidroliki zinahitaji uangalifu wa ziada: baadhi hutumia mafuta ya madini, na mafuta ya breki yakiingia humo yanaharibu sili zote.

## Dalili: injini inapanda mzunguko ukigeuza usukani

Huu ni waya wa mafuta, lakini huletwa na msongamano uleule nyuma ya namba ya mbele. Usipande. Pikipiki inayojivutia mafuta kwenye kona haikupi muda wa kufikiri. Weka usukani katikati, legeza kila kitu kilichofungwa pamoja na waya, upitishe upya bila kona kali, na ujaribu injini ikiwaka, pikipiki ikiwa kwenye stendi: mzunguko usibadilike usukani ukienda mwisho huku na huku. Waya uliokwisha kuvunjika kwenye kona hubadilishwa.

## Dalili: oili inavuja kwenye sili bila sababu

Angalia mpira wa kupumulia wa injini kabla ya kununua sili. Ukibanwa chini ya tangi au ncha yake ikiziba kwa tope, shinikizo ndani ya injini ya foo stroki (mipigo minne) linatafuta njia nyingine ya kutoka. Ukiwa wazi na bado inavuja, basi ni sili.

## Dalili: nimebadilisha mpira, umejikunja tena

Hapa ndipo ninapopenda kufanya kazi, kwa sababu mpira haukosei. Ni njia iliyochaguliwa. Sahau ulikopita wa zamani, hasa kama pikipiki imepita mikononi mwa watu wengi.

Anza na mistari au maandishi yaliyo kwenye mpira. Yakizunguka kama kamba, umesokotwa. Chomoa ncha moja, uache mpira ujizungushe wenyewe, urudishe.

Kisha tazama kona inaanzia wapi. Ikianzia pale pale mpira unapotoka kwenye nipeli (kibomba kigumu ulipochomekwa), itajikunja, kwani nipeli ni ngumu na nguvu yote inaangukia kwenye ukingo wake. Acha sentimita mbili au tatu zilizonyooka kwanza. Kama hakuna nafasi, tumia kiwiko.

Halafu fikiria kona moja pana badala ya mbili ndogo. Mara nyingi njia fupi ina kona kali, na njia ya kuzunguka upande wa pili wa fremu ina kona moja ndefu tulivu. Sentimita nane za ziada za mpira hazina hasara ikiwa zinakupa mteremko na kona laini.

Kona isipoepukika, kuna msaada. Springi ya waya inayovaliwa nje ya mpira huzuia duara lisilale. Ivae ipite kona yote na sentimita mbili kila upande, la sivyo mkunjo utahamia mwisho wa springi. Mpira wenye ukuta mnene unasaidia pia: kwa njia ileile ya ndani ya milimita 6, ukuta wa milimita 3 unapita kona ambayo ukuta wa milimita 1.5 haupiti. Mipira ya plastiki laini ya kupumulia inaweza kuzoezwa: izamishe kwenye maji ya moto dakika chache, ikiwa imetolewa kwenye pikipiki na haina petroli, ipinde kuzunguka kopo la upana unaoutaka, ifunge, uiache ipoe kabisa. Usitumie moto wa wazi wala bomba la moshi.

Mwisho tazama joto na msuguano. Mpira ulio karibu na bomba la moshi hulainika na kujikunja pale uliposhikilia jana. Upe nafasi ya vidole viwili angalau, na pasipowezekana weka soksi ya kukinga joto. Mahali unapogusa fremu, uvike kipande cha mpira mpana zaidi kilichopasuliwa kwa urefu.

Panda dakika kumi kwenye njia ya matuta, urudi, osha, kisha upake chaki kila mahali mpira unapokaribiana na kitu kingine. Panda dakika kumi nyingine. Pale chaki ilipofutika ndipo mpira unapogusa, na hapo ndipo pa kusogeza kishikio.